Randa ya Mti Uliyoitengeneza Mwenyewe Haikati Vizuri? Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Tupa

Randa yangu ya kwanza niliiharibu kwa tupa. Maranda yalikuwa yanakwama mdomoni, ule ufa wa chini ambamo makali hutokeza, nikaamini mdomo ni mwembamba mno, nikaupanua kidogo. Yakaendelea kukwama. Nikaupanua tena. Siku ya tatu mdomo ulikuwa wazi milimita 3, maranda yanapita bila shida, lakini sasa randa inang'oa nyuzi za mvule kana kwamba ubao umeng'atwa. Wiki mbili baadaye ndipo nilipokiona chanzo chenyewe: kichwa cha skrubu kilikuwa kinagusa mti nyuma ya kisu, kwa hiyo kisu hakikulala. Mdomo haukuwa na kosa lolote.

Maelezo haya ni ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi siku ile. Randa imeshagundishwa, kisu kimenolewa, na bado kazi haiendi. Karibu kila ugonjwa wa randa ya mti hujionyesha mdomoni, ila mara nyingi haukuanzia hapo. Kagua kwa mpangilio huu: makali kwanza, kisha namna kisu kinavyolala, kisha kabari, kisha uso wa chini. Mdomo uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu mti ukishaondoka pale haurudi.

Randa ninayoizungumzia

Ni ule mtindo unaomfaa mtu mwenye karakana uani kwake. Gogo moja la mti mgumu linapasuliwa kwa urefu vipande vitatu. Kipande cha kati kinakatwa mishazari miwili: mmoja wa digrii 45, ambao kisu kitaulalia, na wa pili wa digrii 60 hivi upande wa mbele ili maranda yapate njia. Kisha vile vipande viwili vya nje vinagundishwa tena, kila kimoja upande wake. Mafundi wengi duniani wameujua mtindo huu kupitia James Krenov, aliyefundisha useremala California na kufariki mwaka 2009. Faida yake ni kwamba huhitaji kutoboa tundu refu la mshazari katikati ya gogo kwa patasi, kazi ambayo huwatoa jasho hata wazoefu.

Ya kwangu ina urefu wa sentimita 25, upana wa sentimita 7 na kimo cha sentimita 6. Kisu kina upana wa milimita 48 na nafasi yake ndani ni milimita 50. Ule mshazari wa digrii 45 nitauita kitako cha kisu. Uso wa chini unaoteleza juu ya ubao nitauita tumbo. Njia ya maranda ni koo, vibao vya pembeni ni mbavu, na mti wa mviringo unaokatiza kutoka ubavu hadi ubavu ni pini. Kabari hubanwa kati ya pini na kisu. Kama kisu chako kina chuma cha pili kilichofungwa juu yake kwa skrubu, hicho nitakiita chuma cha juu.

Inakwaruza tu, haichukui kitu

Peleka kisu dirishani, makali yakikutazama, ukigeuzegeuze kwenye mwanga. Makali yaliyonolewa sawasawa hayaonekani. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, hata mwembamba kama unywele, hapo ni butu, na hakuna haja ya kuendelea kukagua kitu kingine mpaka umerudi kwenye kinoo. Usisahau upande wa pili wa kisu, ule ulio bapa. Sentimita 2 za mwisho lazima ziwe bapa kabisa na ziwe zimesuguliwa hadi kung'aa, kwa kuwa makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mikwaruzo makali nayo yatakuwa na mapengo.

Kama makali ni mazuri na bado inakwaruza, pima mshazari wa kunolea. Kisu kikilala digrii 45 na mshazari wake ukiwa digrii 30, nyuma ya makali hubaki nafasi ya digrii 15, na nafasi hiyo ndiyo inayoyawezesha makali kuzama. Mtu anayenoa kwa mkono bila kuutuliza hupembeza kisu kidogo kila anapokivuta, na baada ya miezi kadhaa mshazari unakuwa mviringo kama kitumbo cha samaki. Pale kwenye ncha ukifika digrii 45 au zaidi, ile nafasi inakwisha na mgongo wa mshazari unagusa ubao kabla ya makali. Dalili yake ni hii: unakitoa kisu kidogo, hakikati, unakitoa zaidi, bado, unakitoa tena, ghafla kinazama na kung'oa bonge. Dawa ni kusaga mshazari upya hadi digrii 25 na kumalizia na 30.

Sababu ya tatu iko tumboni. Kama tumbo limebonyea pale kwenye mdomo, mbele na nyuma ya randa ndizo zinazoshika ubao na makali yanaelea. Chora mistari ya penseli kukatiza tumbo zima. Rudisha makali ndani milimita 1 au 2, lakini kisu kiwepo na kabari ibanwe kama unavyoibana kazini, kwa sababu msukumo wa kabari huupinda mwili wa randa kidogo na tumbo unalolinyoosha bila kabari halitakuwa lilelile utakapoanza kazi. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo kinene au tailzi iliyonyooka, sugua mara chache, angalia. Penseli lazima ifutike mahali patatu: mbele kabisa, mbele tu ya mdomo, na nyuma. Ile sehemu iliyo mbele tu ya mdomo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Penseli ikibaki pale, endelea kusugua.

Inatetemeka na kuacha mawimbi kwenye ubao

Huu ndio ugonjwa niliokutana nao mara nyingi kuliko wowote, kwangu na kwa wanaoniletea randa zao, na ndio unaowafanya watu walaumu kisu bure. Randa inalia, mkono unahisi mtikisiko, na ubao unabaki na vijimistari vya kukatiza kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Karibu kila mara maana yake ni moja: kisu hakikukaa kwenye kitako.

Fanya hivi. Washa koroboi, vuta utambi juu kidogo ili itoe moshi, upitishe uso wa chini wa kisu juu ya moshi huo mpaka ushike masizi mepesi kila mahali. Usikicheleweshe hapo, unataka masizi, hutaki joto. Kiingize kisu ndani ya randa taratibu bila kugusa mbavu, kibonyeze kwa dole gumba pale ambapo kabari ingebana, kisogeze milimita 2 juu na chini, kisha kitoe moja kwa moja. Angalia kitako kwa tochi. Palipokuwa peusi ndipo kisu kinapogusa.

Unachotaka kuona ni weusi kwenye ukanda wa chini kabisa, upana wote, ndani ya sentimita 1 kutoka mdomoni, na weusi mwingine sehemu ya juu. Katikati pakibaki peupe hapana ubaya wowote, napendelea hivyo. Ukiona doa jeusi katikati peke yake, umempata adui: kisu kinapembea juu ya hilo doa kama mtumbwi juu ya jiwe. Ukiona weusi kona moja ya chini na nyingine nyeupe, kitako kimepinda.

Chukua patasi pana iliyo kali, ishike wima, ukwangue palipo peusi tu. Usichonge. Kwangua kiasi cha vumbi, futa kwa kitambaa kikavu, tia masizi upya, rudia. Randa yangu ya pili ilihitaji mizunguko saba. Kuna kishawishi cha kufunga msasa kwenye kibao na kusugua kitako chote kwa mara moja; usifanye. Msasa hula kingo haraka kuliko katikati, na utatoka na kitako chenye mgongo, ambacho ni kibaya kuliko ulichoanza nacho. Uangalifu zaidi uuweke pale chini. Kingo ya kitako iliyo mdomoni ni nyembamba, ukiimega kwa patasi umepanua mdomo bila kukusudia.

Kabla hujakwangua chochote, lakini, angalia skrubu. Kisu chenye chuma cha juu huwa na kichwa cha skrubu kinachotokeza upande wa chini, na kitako lazima kiwe na mfereji wa kukipokea. Mfereji huo uwe na kina kinachozidi kimo cha kichwa, na uwe mrefu kiasi cha kukiruhusu kisu kushuka kadiri kinavyopungua kwa kunolewa. Randa mpya inaweza kufanya kazi vizuri miezi sita halafu ikaanza kutetemeka, kumbe skrubu imefika mwisho wa mfereji na sasa inakiinua kisu. Tia masizi kwenye kichwa cha skrubu peke yake na utajua.

Kipimo cha haraka kwa asiye na koroboi: kata ukanda wa karatasi ya daftari, bana kisu kwa kabari kama kawaida, kisha jaribu kuuchomeka kutokea mdomoni kati ya kisu na kitako. Ukiingia popote, pale pana nafasi.

Kabari nayo huleta mtetemo. Uso wake wa chini ukiwa na mgongo, inabana juu karibu na pini na ncha yake inaelea. Jaribu karatasi ileile chini ya ncha. Ikiingia, nyoosha uso huo wa chini wa kabari uwe bapa, au ubonyee kidogo mno katikati, ili ncha iwe ya kwanza kukandamiza. Pini nayo iachwe izunguke kwenye matundu yake. Ukiigundisha ikiwa imepinda hata nusu milimita, kabari itabana upande mmoja wa kisu daima.

Maranda yanaziba koo

Usichukulie kwamba mdomo ndio mdogo. Vuta maranda yaliyokwama uangalie yalikoanza kukwama.

Kama yameanzia kwenye ncha ya chuma cha juu, kitoe kisu na chuma chake vikiwa vimefungwa pamoja, uvielekeze kwenye mwanga. Mwanga usipenye popote kati yao. Nafasi ndogo kama unene wa karatasi inatosha kabisa kulishika randa la kwanza, yaani ukanda wa kwanza wa mti uliokatwa, la pili likalisukumia la kwanza, na baada ya misukumo mitano koo limejaa. Sugua ukingo wa chuma cha juu kwenye kinoo huku mkia wake ukiwa chini kidogo ya uso wa kinoo, ili ncha ya mbele kabisa ndiyo iguse kisu. Kama maranda yanatoka yamejikunjakunja kama kodiani, chuma cha juu kiko karibu mno na makali. Kirudishe nyuma hadi kama milimita 0.5 ujaribu tena.

Yakiwa yamekwama chini ya ncha ya kabari, ncha ni nene. Ichonge iwe nyembamba na laini, imalizikie juu ya mgongo wa chuma cha juu bila kuacha ngazi. Yakiwa yamekwama kwenye pini, pini imewekwa chini mno. Ya kwangu iko sentimita 4 juu ya tumbo, na hata hapo niliikwangua upande wa mbele ikawa na umbo la yai ili maranda yateleze. Ukishaitoboa sentimita 3 utajuta, vidole haviingii kuyatoa. Ziba matundu kwa vijiti vya gundi utoboe upya.

Kuna mkwamo mwingine wa pembeni: vijirandaranda vinajichomeka kati ya kisu na ubavu. Hivyo vinatoka kwenye kona mbili za makali. Zinoe kona ziwe mviringo kidogo tu, kiasi kwamba randa linaanza na kuisha kwa wembamba wa kutoonekana, na tatizo linakwisha.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo upime mdomo. Kwa randa ya kumalizia, milimita 0.3 hadi 0.5 mbele ya makali inatosha. Ya kupunguza mbao nene iwe milimita 1 au zaidi kidogo.

Kabari inateleza, au haitoki kabisa

Kabari inayorudi nyuma ina mwinuko mkali kuliko inavyotakiwa. Kwa kila sentimita 6 za urefu, unene uongezeke sentimita 1, sio zaidi. Ukiona imenyooka vizuri na bado inateleza, futa mafuta. Watu wengi huipaka randa nzima mafuta ya kitani kwa furaha ya kuimaliza, na mafuta yanaingia kwenye kitako na kwenye kabari, mahali pawili pasipotakiwa kuteleza. Pangusa kwa spiriti, kisha paka chaki kidogo.

Isiyotoka imepigwa kupita kiasi. Usiichokoe kwa bisibisi. Shika randa mkononi, piga kisogo cha mwili wake kwa kinyundo cha mti, mara mbili tatu, na kabari italegea yenyewe. Kubana kwake kusizidi pigo moja au mawili mepesi. Mbavu zina unene wa sentimita 1 tu, na pini inazivuta kwenda juu kila unapopiga. Nimeona ubavu uliopasuka kutoka kwenye tundu la pini hadi juu kwa sababu mwenyewe alidhani mtetemo unatibiwa kwa nyundo.

Inang'oa nyuzi

Pitisha kiganja juu ya ubao kama unavyompapasa paka. Upande mmoja ni laini, upande mwingine unahisi ukinzani. Randa kuelekea upande ulio laini. Ukishindwa kuhisi, tazama ubavuni mwa ubao uone nyuzi zinapanda kuelekea wapi, na randa izifuate zinapopanda.

Shida ni kwamba mvule na mkangazi zina nyuzi zinazobadilisha mwelekeo, mkanda huu unakwenda huku na wa jirani unarudi. Hapo hakuna upande mzuri. Noa upya, hata kama unadhani bado ni kali. Toa kisu kidogo sana, randa liwe jepesi kiasi cha kuona mwanga kupitia humo. Sogeza chuma cha juu hadi kama milimita 0.2 kutoka kwenye makali. Kinalivunja randa kabla halijapata nguvu ya kuinua uzi. Kwa macho yangu hili linasaidia kuliko mdomo mwembamba, nalo halikugharimu mti. Kama kazi zako nyingi ni za mbao za namna hii, tengeneza randa ya pili yenye kitako cha digrii 50 au 55. Itakuwa nzito kusukuma, lakini itauacha mvule ukiwa laini.

Na uwe mwangalifu na mvule wa zamani: ndani yake huweza kuwamo vijiwe vyeupe vigumu, na kimoja tu kinamega makali. Ukisikia mlio wa kukwaruza, simama hapohapo.

Inakata upande mmoja zaidi

Mara nyingi ni kisu kilichokaa upogo. Geuza randa, tazama tumbo kutoka mbele usawa wa jicho. Makali yanaonekana kama mstari mweusi, mnene upande mmoja. Gonga ubavu wa kisu kule juu mpaka mstari uwe sawa. Ikibidi ugonge sana kila siku, weka guniya, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye makali. Kama makali yako sawa, kitako ndicho kilichopinda, rudi kwenye koroboi.

Makali hayakai

Hapa swali ni kisu kimetoka wapi. Kisu cha dukani chenye tatizo hili kwa kawaida kimeungua kwenye mashine ya kunolea. Ukiona rangi ya buluu karibu na makali, chuma kimelainika pale. Saga mpaka uipite buluu yote, na kila baada ya sekunde chache chovya kwenye maji. Kidole kikishindwa kuvumilia joto, umeshachelewa kuchovya.

Wengi wetu, hata hivyo, tunatengeneza kisu kwa springi ya gari kutoka kwenye vyuma chakavu. Ni chuma kizuri. Springi nyingi za bamba zina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, inatosha kushika makali. Kwa kuwa ni ngumu kutoboa, watu huipasha moto hadi iwe nyekundu na kuiacha ipoe polepole kwenye majivu, wakaitoboa, wakainyoosha, wakaisaga hadi milimita 4, wakainoa. Wamesahau kuirudishia ugumu. Kisu hicho kitakata mbao mbili kisha makali yanajikunja kama bati. Jaribu kwa tupa: tupa ikikikata kwa urahisi, ni laini.

Kipashe sentimita 4 za upande wa makali kwenye mkaa unaopulizwa, mpaka sumaku isishike tena. Hiyo ni nyuzijoto 770 hivi. Kiache kipate joto kidogo zaidi, kisha kizamishe wima kwenye oili uliyoipasha kidogo. Tumia chombo cha chuma chenye mfuniko karibu, nje ya nyumba, kwa sababu oili huweza kushika moto. Tupa sasa iteleze juu yake bila kukwaruza. Katika hali hiyo ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo, kwa hiyo king'arishe kwa msasa na ukipashe tena polepole, ovenini kwa nyuzijoto 200 muda wa saa moja, au juu ya bamba la chuma kwenye jiko huku ukiangalia rangi. Ikifika rangi ya majani makavu kwenye makali, kiondoe.

Kisu cha tupa kuukuu kinahitaji hatua hii ya mwisho zaidi ya kingine chochote, kwani tupa ina kaboni nyingi. Kisu cha tupa kinachomegeka vipande hakijapashwa mara ya pili.

Ilikuwa nzuri, sasa imebadilika

Mti hupumua. Randa niliyoitengeneza hapa Tanga wakati wa masika, mbao zikiwa zimevuta unyevu, niliipeleka Dodoma mwezi wa nane. Baada ya siku kumi kisu hakitoki wala hakisogei. Mti ulikuwa umenywea na chuma hakinywei, mbavu zikakishika kisu pande zote mbili. Ingebaki hivyo mwezi mmoja, gundi ingeachia au ubavu ungepasuka. Ndiyo sababu ya kuacha milimita 1 kila upande wa kisu, na ukikuta nafasi hiyo imepotea kwangua mbavu kwa ndani kwa patasi, usikipunguze kisu.

Kwa tumbo, kubadilika ni kawaida. Likague mwanzo wa masika na mwanzo wa kiangazi, sugua kidogo. Mafuta ya kitani kwa nje hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, hasa kwenye ncha mbili za gogo. Tumboni tosheka na mshumaa, mistari miwili ya haraka kabla ya kazi.

Gundi ikiachia, uliza mti gani. Huku kwetu mtiki hupatikana kwa urahisi, shamba la miti la Longuza liko Muheza, jirani tu, na ni mti mzuri kwa mwili wa randa kwa kuwa hautikiswi sana na unyevu. Lakini una mafuta yake yenyewe, na gundi nyeupe haiyapendi. Randa nyuso zote siku ileile ya kugundisha, pangusa kwa spiriti, subiri ikauke, gundisha papo hapo. Mninga na mkongo hazina usumbufu huo kwa kiwango hicho, nazo hutulia vizuri.

Vipande vikiteleza wakati wa kubana, mdomo huhama bila wewe kujua. Kabla ya gundi, bana vyote vikavu na utoboe matundu ya vijiti vya milimita 6 kwenye ncha mbili utakazokuja kuzikata. Vijiti vinashika kila kitu mahali pake. Asiye na klampu za kutosha azungushe mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mingi iliyovutwa kwa nguvu. Unabana vizuri sana. Kisha usiguse tumbo kwa saa 24. Maji ya gundi huvimbisha mti kwenye maungio, na ukilinyoosha likiwa limevimba litabonyea likikauka.

Mdomo umepanuka kweli

Umefika mwisho wa ukaguzi na mdomo kweli ni mpana, ama kwa tupa kama wangu, ama kwa miaka ya kunyoosha tumbo. Kila milimita 1 unayoiondoa tumboni hupanua mdomo karibu milimita 1 na nusu, kwa kuwa kuta mbili za koo zinaachana kadiri unavyopanda juu. Anayetengeneza mpya aiache milimita 5 za chini za ukuta wa mbele ziwe karibu wima, itampunguzia hilo.

Ya zamani inapata kiraka cha mpingo. Mafundi wa kuchonga vinyago hubaki na vipande vidogo visivyowafaa tena, na wewe unahitaji kimoja tu: urefu wa sentimita 4, upana sawa na mdomo pamoja na milimita 3 kila upande, unene wa milimita 7. Kilaze tumboni mbele ya mdomo, nyuzi zake zikielekea kama za randa, uchore kukizunguka kwa ncha ya kisu badala ya penseli. Chimba kina cha milimita 6 kwa patasi, sakafu ya shimo iwe bapa. Mpingo nao una mafuta, kwa hiyo spiriti kwanza, kisha gundi ya kuchanganya ya tyubu mbili. Kiache kiraka kiingie ndani ya mdomo kwa makusudi, mpaka makali hayawezi kupita.

Siku ya pili sugua kiraka kilingane na tumbo, kabari ikiwa imebanwa. Kisha rudisha makali, chukua tupa bapa laini, na ule ukingo wa kiraka kidogo kidogo, ukiegemeza tupa nyuma kidogo ili upande wa ndani uliwe zaidi kuliko wa nje. Tupa mara tatu, rudisha kisu, randa kipande cha mbao, angalia randa linatokaje. Tupa mara tatu tena. Mara ya kwanza litakwama. Litakapoanza kupita likiwa zima, refu, bila kujikunja, weka tupa chini hata kama mdomo bado unaonekana mdogo kwa macho.